Wasomaji wanauliza: Plastiki kwenye karai, paka ndani ya sambusa

Mwezi huu barua zenu karibu zote zimekuja zikinuka mafuta ya kukaangia. Kuna ujumbe wa sauti unaozunguka kwenye simu, mwanamke analia akisema chipsi za mjini zinakaangwa kwa plastiki, na ninyi mmenitumia mara nyingi kiasi kwamba naukariri. Nimechagua barua sita. Kwa wanaofungua ukurasa huu kwa mara ya kwanza: nilifanya kazi miaka 27 kwenye maabara ya kiwanda cha mafuta ya kula Dar es Salaam, na kabla ya hapo nilikuwa mtoto wa mama muuza vitumbua Ngamiani, Tanga. Najibu nikiwa na hayo yote mawili.

Shikamoo Bi Mkubwa. Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Mbagala. Mwanangu mkubwa anapenda sana chipsi za kijana mmoja pale kituoni. Juzi nimemwona kwa macho yangu akitumbukiza kitu cheupe kwenye karai, kigumu kama kipande cha ndoo ya plastiki, kikayeyuka. Na zile chipsi zikipoa zinaacha utando mweupe kwenye sahani, kama mshumaa. Nimemkataza mtoto, ila kila akitoka shule ni kilio. Ni kweli wanaweka plastiki ili chipsi ziwe kavu? – Mama wa wawili, Mbagala

Marahaba mwanangu. Ulichokiona umekiona, sitakuambia kwamba macho yamekudanganya. Ila kile kipande cheupe nakifahamu, maana nami niliwahi kusimama mbele yake moyo ukanienda mbio.

Ilikuwa Iringa, mwezi wa saba, ile baridi ya kuuma masikio. Nilishuka kwenye basi alfajiri nikakuta kijana anapepea jiko lake la mkaa pembeni ya stendi. Pembeni yake dumu la njano la lita 20, limekatwa juu. Akachomeka kisu ndani, akazungusha, akanyanyua pande jeupe pe, lenye kingo kali, akalitupa kwenye karai tupu. Pande likateleza huku na huku, likaanza kuachia maji kwa chini, na baada ya muda mfupi karai lilikuwa na mafuta maangavu ya rangi ya dhahabu. Nilimuuliza kwa sauti ya ukali, kijana ni hicho nini? Akanigeuzia dumu nisome. Mafuta ya mawese yaliyosafishwa kiwandani.

Na mimi ndiyo kazi yangu hiyo! Kiwandani nilikuwa nayaona yakiwa ya moto kwenye mabomba, majimaji, sikuwa nimezoea kuyaona yamelala usiku kwenye baridi. Mawese yakisafishwa yanapoteza ule wekundu wa Kigoma, na yakiganda yanakuwa meupe. Yale ambayo sehemu yake nzito haikutenganishwa na nyepesi huhitaji joto la nyuzi 35 hivi ndipo yayeyuke yote. Hata hapo Mbagala, asubuhi ya Juni au Julai, dumu huamka limeganda. Ndiyo maana muuzaji anachota kwa kisu, na ndiyo maana sahani ikipoa unaona utando.

Usiniamini kwa maneno matupu. Kwangua ule utando kwa ukucha, uweke kwenye kiganja, ufumbe mkono kwa dakika mbili. Ukiyeyuka, ni mawese. Plastiki ya mifuko haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 100, na kiganja chako hakifiki 40.

Nilishawahi kuijaribu plastiki yenyewe. Mwaka mmoja uvumi huu ulipovuma, tulichukua kipande cha mfuko tukakitia kwenye mafuta ya nyuzi 180, chini ya feni ya kutolea moshi. Kilijikunja, kikawa kama kamasi, kikanata kwenye kijiko cha chuma na kuvutika nyuzinyuzi. Mafuta yalipopoa yakafanya ukungu, na karai lile tulilisugua mpaka mikono ikauma. Muuza chipsi anayeanza saa tisa alasiri na kufunga saa sita usiku hawezi kufanya biashara na takataka ile. Tena asipate chochote, maana ukavu wa chipsi unatokana na maji ya kiazi kutoka. Angalia banda lolote: kuna lundo la chipsi zilizokaangwa nusu nyuma ya kioo, ukiagiza zinarudi kwenye mafuta mara ya pili. Ule mzunguko wa pili ndio unaozikausha.

Nina swali ambalo huwa nauliza nikisikia uvumi wowote wa chakula, na mtaliona likirudi kwenye barua nyingine: bei yake nini, na muuzaji anapata nini? Plastiki haimpi kitu.

Plastiki inayonisumbua mimi iko mbele ya macho yetu na hakuna anayeirekodia ujumbe wa sauti. Ni ule mfuko mwembamba mwangavu wa kufungia. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, lakini chipsi bado zinatoka kwenye karai na kumwagwa moja kwa moja kwenye kifuko chepesi, na kifuko kinalegea mkononi. Mpe mtoto kibakuli chake chenye mfuniko. Amwambie kaka, niwekee humu. Na umwache ale chipsi zake, mara mojamoja.

Shikamoo mama. Nina banda la chipsi Morogoro, karibu na Msamvu, mwaka wa nne sasa. Transfoma ya mtaa wetu iliharibika, mafundi wakasema mafuta yake yameibwa. Tangu siku hiyo watu wananitazama vibaya. Wanasema chipsi zangu zinang'aa kwa sababu ya mafuta ya transfoma. Nilikuwa namaliza gunia la viazi kwa siku mbili, sasa wiki linabaki. Sijawahi kufanya kitu hicho mama. Nifanye nini wanisadiki? – Kijana wa karai, Morogoro

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na nitakujibu kwa urefu.

Kwanza tuwatendee haki wanaokuogopa, kwa sababu jambo hili halikubuniwa. Mwaka 2014 vyombo vya habari viliripoti kutoka Kenya jinsi wezi wanavyofyonza mafuta ya transfoma na kuyauza, baadhi yakiishia kwa wakaangaji wa barabarani. Pale swali langu la bei linajibika vizuri: mafuta ni ya wizi, na ni ya petroli, yaani yanatokana na mafuta ghafi ya ardhini, kwa hiyo hayachachi wala hayachoki upesi kama ya mawese au alizeti. Mwenye tamaa anaona faida.

Lakini kuna jambo ambalo wanaosambaza uvumi hawalitaji. Mafuta ya transfoma yakikaribia nyuzi 140 au 150, mvuke wake unaweza kudaka moto. Chipsi zinakaangwa kwenye nyuzi 170 hadi 180, na wewe una jiko la mkaa lenye cheche chini ya karai. Mtu anayejaza karai zima mafuta hayo anacheza na banda lake na uso wake. Kwa hiyo anayefanya uovu huo huchanganya kidogo kwenye mafuta ya kula, gizani, na wateja wake hawataona "kung'aa" kokote.

Na kwa nini tuogope hata kidogo hicho? Nitakutajia sehemu mbili ambazo nilikuwa nawafundisha vijana wapya wa maabara kabla sijawapa ufunguo wa kabati. Meknes, Morocco, mwaka 1959: wafanyabiashara walinunua mafuta ya ziada ya kulainishia injini za ndege za jeti kutoka kambi ya jeshi la anga la Marekani, wakayachanganya na mafuta ya kupikia. Watu wapatao 10,000 walipata ganzi na kupooza, zaidi miguu. Wengi walikuwa maskini waliotafuta mafuta ya bei nafuu. Halafu magharibi mwa Japani, mwaka 1968: mafuta ya pumba za mchele yaliingiliwa na kemikali iitwayo PCB iliyovuja kutoka kwenye mabomba ya kupashia joto kiwandani. Watu walitoka vipele vyeusi, macho yakatoa matongo, wanawake wakazaa watoto wenye ngozi iliyokolea weusi usio wa kawaida. Kemikali hiyohiyo ya PCB ndiyo iliyokuwa ikitiwa kwenye transfoma nyingi za zamani, na mkataba wa kimataifa wa Stockholm wa mwaka 2001 umezitaka nchi ziondoe vifaa vyake. Anayemwuzia mtu kikombe cha mafuta ya transfoma hajui kama ni ya mtambo mpya au wa zamani. Hilo ndilo linalonitia baridi.

Sasa, kupima. Wewe umetoka wapi sijui, ila kama una bibi aliyewahi kupika sabuni nyumbani, utanielewa haraka. Mafuta ya kula, yawe mawese, nazi au alizeti, ukiyachemsha na kostiki yanageuka sabuni. Mafuta ya petroli hayageuki, hata ukeshe. Maabara tunatumia siri hiyohiyo: matone machache ya mafuta ndani ya neli, kile kichupa chembamba cha kioo, spiriti iliyoyeyushiwa kostiki, chemsha, kisha ongeza maji. Neli ikibaki angavu, mafuta ni ya kula. Ikifanya ukungu mweupe kama maji ya kuoshea mchele, kuna mafuta ya petroli ndani.

Watu wenye hofu walikuwa wakiniletea chupa hadi getini. Neli baada ya neli ilibaki angavu. Naikumbuka moja iliyotia ukungu, na nilihangaika kumtafuta aliyeileta. Alikuwa mama lishe, mtu mwema kabisa, machozi yalimtoka nilipomwambia. Tulifuatilia pamoja mpaka tukafika kwenye dumu. Alinunua dumu tupu sokoni la kuwekea mafuta yake ya kupima, na dumu lile lilitoka gereji. Alikuwa ameliosha kwa sabuni na mchanga. Oili ya injini haitoki kwa mchanga.

Kwa hiyo la kwanza kwako, mwanangu: usiweke mafuta kwenye dumu usilolijua lilikotoka. Nunua dumu lililofungwa, na ulifungulie mbele za watu, juu ya meza, saa ambayo wateja wamejaa.

Na hapa nikuhadithie la mama yangu, kwa sababu kama kuna mtu angekuelewa ni yeye. Alikuwa anakaanga vitumbua barazani, mchele wa kulowekwa, tui zito, iliki. Alikuwa pia ni mmoja wa wanawake wanaoitwa kuosha maiti za wanawake mtaani, kazi ya thawabu isiyo na malipo. Mtu mmoja akaunganisha mambo mawili hayo. Ikaanza kusemwa kwamba mama wa fulani anachanganyia unga wa vitumbua kwa maji ya maiti, ndiyo maana wateja wanamrudia kama wamefungwa kamba. Ndani ya wiki mbili beseni lilikuwa linarudi nyumbani limejaa kama lilivyotoka. Tulikula vitumbua asubuhi, mchana na usiku mpaka mdogo wangu akavikataa, na hadi leo havili.

Mama hakumtafuta aliyeanzisha. Hakuacha kuosha maiti pia, aliitwa akaenda. Alichofanya ni kuhamisha kazi yote nje. Mchele aliuosha barazani, akautwanga barazani, nazi akaikuna hapohapo, na maji aliyachota kwenye bomba la mtaa mbele ya wanawake wenzake waliopanga ndoo. Kila kitu kilichoingia kwenye unga kilipita mbele ya macho ya watu. Wateja walirudi mmojammoja, kwanza watoto, kisha wanaume wa sokoni, mwisho majirani. Ilichukua Ramadhani mbili.

Nakuambia muda huo ili usikate tamaa wiki ya tatu.

Karai lako lisogeze mbele. Na mafuta yako yawe yanastahili kutazamwa, maana hapa ndipo wauza chipsi wengi waaminifu wanapokosea bila kujua: mafuta yaliyochoka. Yakichemka tena na tena yanavunjika. Utaona povu la mapovu madogomadogo lisilotulia hata viazi vikitolewa, yanakuwa mazito kama asali, yanafuka moshi kabla hayajawa moto vya kutosha, na harufu inakwaruza koo. Ufaransa na Hispania sheria inasema sehemu iliyoharibika ikifika asilimia 25 mafuta hayo yaondolewe kwenye karai. Sisi tuna pua na macho. Kawaida ya kuongeza mapya juu ya yale meusi kila siku haisaidii, ya zamani yanayachosha mapya haraka. Yachuje kwa kitambaa safi kila usiku yakishapoa. Viazi vikaushe maji kabla ya kuvitia. Chumvi nyunyiza kwenye sahani, isiingie kwenye karai, maana chumvi, maji na mabaki yaliyoungua ndivyo vinavyoyamaliza mafuta. Na usizikaange mpaka ziwe kahawia: mwaka 2002 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba vyakula vya wanga vikikaangwa kwa moto mkali hutengeneza akrilamaidi, kemikali ambayo imeonekana kuleta saratani kwa wanyama wa maabara. Rangi ya dhahabu inatosha.

Utatumia mafuta mengi kuliko sasa, najua, na bei ya dumu naijua. Lakini mteja akikuona unamwaga mafuta meusi utakuwa umemwambia jambo ambalo mdomo wako hauwezi.

Assalamu alaykum Bi Mkubwa. Mimi mzaliwa wa Mombasa, naishi Columbus, Ohio. Watoto wangu wanapenda McDonald's. Nyama yao hatuli, tunanunua viazi na samaki tu. Kazini mzee mmoja ameniambia burger zao zina minyoo ya ardhini, na mwingine akasema hata viazi vina ng'ombe ndani. La minyoo nililicheka, la ng'ombe limeninyima usingizi. – Mama Columbus

Wa alaykum salaam dada yangu. Mzee wako anakumbuka ujana wake. Uvumi wa minyoo ulivuma kusini mwa Marekani mwaka 1978, na mauzo yakashuka mpaka kampuni ikaita waandishi wa habari Atlanta. Ray Kroc, aliyeikuza kampuni hiyo, alijibu kwa hesabu: ratili ya nyama ya kusaga ilikuwa kama dola moja na nusu, ya minyoo dola sita. Nani atachanganya ghali ndani ya rahisi? Nililipenda jibu lile nilipolisoma nikiwa kijana, na ndipo nilipojifunza kuuliza bei.

La viazi lilikuwa kweli. Hadi mwaka 1990 walikuwa wakivikaanga kwa mafuta ya ng'ombe. Wakatangaza kwamba wamehamia mafuta ya mimea, na Wahindu na watu wasiokula nyama wakavila kwa amani, kumbe kwenye hatua ya awali kiwandani viazi vilikuwa bado vinatiwa ladha ya ng'ombe. Kesi ilifunguliwa mwaka 2001, na mwaka uliofuata kampuni ikakubali kulipa dola milioni 10 na kuomba radhi. Mpaka leo orodha yao ya viungo ya Marekani inataja ladha ya asili ya ng'ombe, na inaeleza kwamba imetengenezwa kutokana na ngano na maziwa. Orodha za nchi nyingine hazifanani, usiipime ya Ohio kwa ya London au Dubai.

Hukumu ya kula au kutokula iko kwa shehe wako, mimi ni mtu wa neli. Mpelekee ile orodha ikiwa imechapwa, muisome yote. Utakuta majina marefu ya kutisha. Moja ni chumvi ya fosfati ya kuzuia kiazi kisigeuke kijivu. Jingine ni silikoni inayotiwa tone dogo kwenye mafuta ili yasifure povu, na hiyo ndiyo inayowafanya watu waandike kwamba viazi vina "plastiki ya vipodozi". Inaruhusiwa kwa kiwango maalumu kidogo sana, na mimi isingeniondoa mezani. Kilichokunyima usingizi ni kitu kingine, na ulikuwa na haki ya kukosa usingizi.

Mama, ni kweli kuku wa KFC hawana mabawa wala kichwa, wanakuzwa kwenye mipira, ndiyo maana serikali ya Marekani iliwakataza kuandika neno "kuku"? Na hawa kuku wa kizungu wetu wanapewa vidonge vya uzazi wa mpango? – Mpenda kidari, Mwanza

Jina la Kentucky Fried Chicken, yaani kuku wa kukaanga wa Kentucky, lilifupishwa kuwa KFC mwaka 1991 kwa uamuzi wa kampuni yenyewe, na neno kuku halikupigwa marufuku. China uvumi ulifika mbali zaidi, wakasambaza picha za kuku wa miguu minane na mabawa sita. Mwaka 2015 KFC ilizishtaki kampuni tatu huko Shanghai na mwaka uliofuata ikashinda. Tena fikiri, mabawa ni kitu wanachokiuza. Nani atamfuga kuku asiye na mabawa kisha auze mabawa?

Kukua haraka ndilo jambo la kushangaza kweli. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walifuga pamoja kuku wa ukoo wa mwaka 1957 na wa mwaka 2005, chakula kilekile, banda lilelile. Siku ya 56 wa zamani alikuwa na gramu 905, wa kisasa gramu 4,202. Ni uzao: miaka mingi ya kuchagua jogoo na tetea wanaokua haraka. Kuku wa namna hiyo hahitaji kidonge ili akue, amezaliwa na haraka yake, na miguu yake mara nyingine inashindwa kubeba kidari hicho unachokipenda.

Ila dawa zipo, na msiniambie naficha. Mwaka 2023 mkaguzi wa Mamlaka ya Taifa ya Dawa ya Uganda aliliambia bunge kwamba ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, zimekuwa zikipewa nguruwe na kuku. Uliza bei: hospitali zinatolewa bure. Hapo uvumi ulisimama juu ya miguu yake. Na kwa kuku wetu la kumuuliza mfugaji ni antibiotiki. Baada ya dozi kuna siku za kusubiri kabla ya kuchinja, zimeandikwa kwenye pakiti. Mfugaji anayezijua siku hizo bila kutafuta pakiti, huyo nunua kwake.

Sambusa za paka, kweli au uongo? – Msafiri

Kweli, ilitokea. Nakuru, Kenya, mwaka 2018, mtu alikamatwa akichinja paka, akakiri kuwauzia nyama wauza sambusa, akafungwa miaka mitatu. Paka wa mtaani hana bei, kwa hiyo hesabu inakubali. Sambusa ni rahisi kuficha kitu kwa sababu nyama imeshasagwa na kukolezwa vitunguu na pilipili. Muulize muuzaji anachukua nyama bucha gani, kisha siku moja pita bucha hiyo uangalie muhuri wa mkaguzi kwenye paja lililoning'inia. Mimi sambusa nakula, za mtu mmoja tu.

Shikamoo bibi. Mimi niko darasa la sita, Shinyanga. Babu yangu anafuga kuku na anauza mayai kwa wauza chipsi mayai wa stendi. Wiki iliyopita wamemrudishia trei nne. Wanasema ni mayai ya plastiki ya Kichina kwa sababu wakiyachemsha kiini kinadunda kama mpira. Nimejaribu na kweli kinadunda. Babu amenyamaza tu. Mimi nilimwona kuku akitaga. – Mjukuu

Marahaba mjukuu wangu. Umefanya jambo ambalo watu wazima wengi hawafanyi, umejaribu mwenyewe, na umeandika ulichokiona hata kama hakimpendezi babu.

Mayai ni ya kuku. Kutengeneza ganda, ute na kiini kwa mkono, kisha kuyafunga yasionekane mshono, ni kazi ghali kuliko yai lenyewe linavyouzwa. Lakini kudunda kuna sababu, na kwa kuwa uko Shinyanga nakwenda moja kwa moja. Muulize babu anawalisha nini. Kama ni mashudu ya pamba, ndiyo hayo. Mbegu ya pamba ina mafuta ya aina fulani yanayoingia kwenye kiini na kukifanya kigumu, na yai likikaa mahali pa baridi kwa siku nyingi linazidi. Kiini huwa kama raba ukikibonyeza.

Mwambie babu, kwa heshima na akiwa ametulia, kwamba awape mashudu ya alizeti badala ya yale ya pamba kwa wiki tatu au nne. Ninyi mtenge kuku watatu waendelee na pamba, uwafunge uzi mguuni ili usiwachanganye. Andika tarehe kwenye kila yai kwa penseli. Wiki ya nne chemsha mayai matatu ya kila kundi, dakika kumi, uyakate mbele ya wale wauza chipsi wa stendi, na babu awepo. Kisha niandikie kilichotokea, vyovyote kitakavyokuwa, nami nitakichapa hapa.